Jeki Chini ya Chesisi

Uliliona. Usijifanye hukuliona. Lile gari la nguzo lililolala ubavu kwenye kona ya tatu ya mlima, gurudumu la mbele kushoto limejikunja chini ya tumbo lake kama mguu wa mnyama aliyevunjwa goti, uliliona ulipokuwa unapita. Ulipunguza mwendo, ukatupa jicho mara moja, ukapandisha kioo. Ukamwambia uliyekaa naye, "Madereva wa siku hizi sijui wanakimbizwa na nini." Kisha ukageuza shingo upande wa bonde, kwa kuwa bonde lilikuwa zuri na halina damu. Tangu siku hiyo umekula, umelala, umecheka. Na neno lako hilo halikufia njiani. Lilitembea mdomo kwa mdomo mpaka likafika ofisini, likapigwa muhuri.

Basi kaa. Leo shingo haigeuki.

Aliyekuwa kwenye usukani walimwita Kobe. Katika shirika zima la nguzo za umeme, madereva kumi na wawili, hakuna aliyewahi kumwona akiingiza gia ya nne kwenye barabara ya mlima. Wenzake walimtania kwamba akipeleka nguzo asubuhi, nguzo inaota mizizi njiani. Yeye aliwajibu, "Kobe anachelewa, lakini anafika na gamba lake."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa miguu ya magari katika karakana ya shirika hilohilo. Miaka ishirini na miwili chini ya magari. Mgongo wake uliijua sakafu ya karakana kuliko ulivyolijua godoro. Madereva walimpa jina la Chuma Kimoja, kwa sababu ya imani yake. Magari ya zamani yalikuwa na ekseli nzima mbele: boriti moja ya chuma kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, na springi za majani juu yake. Jiwe likiliinua gurudumu hili, boriti inalikandamiza lile la pili ardhini. Ukiigonga sana inapinda, na ikipinda unaiona kwa macho yako, huhitaji kuwa mganga. Fundi aliipenda boriti ile kama wengine wanavyopenda ng'ombe.

Halafu yakaja magari mapya, kumi na mawili, meupe. Hayo kila gurudumu la mbele lina mguu wake peke yake: mkono wa juu, mkono wa chini, springi yake, na kwenye ncha ya kila mkono kuna bolijointi, yaani kifundo cha chuma chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, kama paja ndani ya nyonga.

"Shemeji, boriti yako imenivunja figo miaka tisa," Kobe alikuwa akimwambia, ameegemea boneti, chungwa mkononi. "Hili jipya nafika nyumbani bado nina mgongo. Hata dada yako ameona tofauti."

"Mambo ya dada yangu usiniletee chini ya gari."

"Wewe kamuulize tu."

"Ekseli ni ndugu wawili kitanda kimoja. Mmoja akigeuka, mwingine anajua. Hii yako kila mtu ana chumba chake na kajifungia. Mmoja akifa ndani, mwenzake atajuaje?"

"Atasikia harufu," Kobe akasema, na karakana nzima ikacheka.

Na nisikilize vizuri, wewe unayependa kudaka maneno kwa mkia. Miguu ile mipya haikuwa uchawi. Mgongo wa dereva ni kifaa cha kazi kama jeki, na gari lililoupumzisha halikumkosea mtu. Ila kila chuma kina adabu yake ya kutunzwa. Hawa walipewa chuma kipya, wakafichwa adabu yake.

Siku magari yalipoletwa, alikuja nayo mtaalamu mmoja wa viatu visivyojua vumbi. Akakaa asubuhi moja. Akaonyesha redio, akaonyesha kiyoyozi, akaonyesha kiti kinavyosogea mbele na nyuma. Saa sita akaaga. Vitabu vya matengenezo alivyoviacha, meneja wa magari alivipokea kwa mikono miwili akavifungia kwenye kabati la kioo ofisini kwake, vikiwa bado ndani ya nailoni. Fundi alikwenda kuomba kimoja. Meneja akamtazama vidole. "Mikono yako ina grisi, Chuma Kimoja," alisema, tena kwa upole kabisa. "Tutapanga mafunzo." Mafunzo hayo yamepangwa miaka miwili na nusu.

Ijumaa moja mchana Kobe aliingiza gari karakana, akazima injini, akabaki ameushika usukani.

"Kuna kitu kinagonga mbele kushoto. Nikishuka jiwe. Tok. Mara moja tu, halafu kimya."

"Ulikuwa mwendo gani?"

"Shemeji, unaniuliza mimi?"

Fundi akacheka, akavuta jeki. Hapa itazame mikono yake, maana mtu alikufia hapa, kule kwenye kona alikwenda kumalizikia tu. Kwenye gari la zamani jeki inakaa chini ya ekseli, chuma kinene kuliko vyote, na mikono iliijua njia hiyo hata gizani. Gari hili halina ekseli ya kukaliwa. Mikono ikapapasa ikitafuta chuma kinene, ikakutana na chesisi, fremu inayolibeba gari zima, ikaridhika. Akaweka jeki hapo, akapandisha, gurudumu likaning'inia. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Kimya. Akalishika kushoto na kulia. Kimya. Akatia mtaimbo chini ya tairi, akalinyanyua. Kimya. Akamulika kifundo kwa tochi. Kiraba kinachokifunika kilikuwa na ufa mdogo, akaupaka grisi kwa nje.

"Salama," alisema akijifuta. "Labda raba ya springi. Wiki ijayo nitaifungua."

"Wewe ukisema salama, mimi nalala mpaka nakoroma."

Akaandika kwenye fomu ya ukaguzi: mbele kushoto hakuna kinachocheza, gari salama. Akatia sahihi yake, ile yenye mkia mrefu ambayo dada yake humcheka kwamba ni sahihi ya waziri.

Jumanne, saa nne asubuhi, Kobe alikuwa anashuka baada ya kuziacha nguzo mlimani. Kwenye kona ya tatu kikombe kilikitema kichwa chake. Gurudumu likajikunja, chuma kikachimba barabara, gari likapinduka. Wapanda nguzo wawili waliokuwa nyuma walirushwa majanini, wakavunjika mikono, wakaishi. Kobe alibaki chini ya gari.

Fundi ndiye aliyepanda na gari la kuvuta. Watu waliokuwepo walilikodolea macho paa lililobonyea. Yeye alilala chini pembeni ya gurudumu, mahali pake pa siku zote, akatazama. Kikombe kilikuwa kimelika mpaka kimekuwa kama kijiko. Ndani mlikuwa na unga mkavu mwekundu, kutu ya siku nyingi. Chuma kilichokatika leo hung'aa kwenye jeraha. Hiki hakikung'aa popote. Kilikuwa kinaliwa miezi na miezi, Ijumaa kilikuwa kinaliwa, na yeye alikipaka grisi. Akainuka akachungulia ndani. Fimbo ya gia ilikuwa kwenye namba mbili.

Walipolifikisha gari karakana, aliwaambia wenzake waende. Mguu wa kulia ulikuwa bado mzima kwa kuutazama. Akaweka jeki chini ya chesisi, vilevile alivyofanya Ijumaa, akalitikisa gurudumu. Kimya. Lakini chesisi ilikuwa imepinda kwa kupinduka, na jeki ilitaka kuteleza. Kwa hiyo akaishusha, akaihamishia chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, akapandisha tena. Mtaimbo chini ya tairi.

Tok.

Alielewa palepale, kama mtu anavyojua amekatwa kabla hajaona damu. Ukiinua chesisi, springi inaendelea kuusukuma mkono kwenda chini. Kifundo kinabanwa, na kilichobanwa hakisemi. Ukiuinua mkono wenyewe, mzigo wa springi unaikalia jeki, kifundo kinaachiwa, ndipo kinasema yote kiliyonayo. Aliirudisha chini ya chesisi: kimya. Chini ya mkono: tok. Chesisi. Mkono. Mara ya nne hakuweza tena kupampu jeki. Akakaa sakafuni, mtaimbo mapajani, mpaka mlinzi akaja kumwambia geti linafungwa.

Wiki iliyofuata meneja akamwita. Alimvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Pole sana, mzee. Najua alikuwa ndugu."

Mezani kulikuwa na ripoti. Chanzo cha ajali: mwendo kasi wa dereva. Nyuma yake imebanwa fomu ya Ijumaa, na ule mkia mrefu wa wino.

"Huyu alikuwa anaitwa Kobe," fundi alisema.

"Majina ya utani hatuyaweki kwenye ripoti."

"Gia ilikuwa namba mbili."

"Gari limebiringika, fimbo inaweza kuruka popote. Tusizunguke mbuyu, fundi. Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Inasema gari lilikuwaje?"

"Salama."

"Haya. Kama lilikuwa salama, kosa ni la dereva. Kama halikuwa salama, kosa ni la aliyeandika salama. Mimi hapa nakutafutia mlango wa kutokea, wewe unanitolea macho. Marehemu hafungwi, mzee. Wewe unafungwa. Weka sahihi hapa chini, kwamba unaithibitisha ripoti, tumalize."

Fundi alikuwa anatazama nyuma ya bega la meneja. Kabati la kioo lilikuwa safi. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwa kimo, nailoni inameta.

"Kuna mtu wa tatu," akasema.

"Yupi huyo?"

"Aliyevifungia vile."

Meneja akageuka akavitazama, akatabasamu kama mtu aliyesamehe. "Ungevisoma? Hata mimi vinanishinda, lugha ya wenyewe ile."

"Kitoe kimoja, bosi. Tutafute ukurasa wa miguu ya mbele. Kama hakuna picha ya jeki na mahali inapokaa, naweka sahihi sasa hivi."

Meneja hakuinuka. Alikuwa na ufunguo kwenye mkufu wa funguo zake, palepale mezani, na hakuinuka. Akaipanga karatasi upya, pembe juu ya pembe. "Kesho saa nne nataka sahihi," alisema.

Dada yake alikaa vyumba viwili nyuma ya kinu cha nafaka, na unga ulikuwa unatua kwenye kila kitu, hata kwenye kope. Fundi alimkuta uani, mbele ya beseni. Ndani mlikuwa na ovaroli za Kobe. Alikuwa ameziloweka Jumatatu ile, siku moja kabla, na hadi leo hajazikamua. Kila asubuhi anamwaga maji, anatia mengine.

"Kaa, kaka," alisema bila kuinua uso. "Nataka kukuuliza kitu na usinizungushe. Alikuwa anakimbia?"

"Hakukimbia."

"Mwenye duka amenipa pole, halafu akaongezea, lakini na mwendo nao, mama. Mwanangu mkubwa amepigana shuleni kwa neno hilohilo. Wapanda nguzo waliolazwa wanasema hawakumbuki. Kila mtu anajua mwendo wa mume wangu isipokuwa mimi niliyekuwa namwambia aharakishe tusichelewe hata harusini." Akakoroga maji kwa kidole. "Kama hakukimbia, ni nini?"

Hapo angeweza kusema Mungu. Angeweza kusema barabara, au mvua, au wale walioleta magari. Yote yana ukweli wake kidogo, na ukweli kidogo ndio unaowalinda waongo wakubwa. Alikunja ngumi ya kulia, akaifunika kwa kiganja cha kushoto, akamwonyesha kifundo na kikombe. Akamwonyesha jeki inavyobana na inavyoachia. Dada alikuwa anaitazama mikono ile, hakutazama uso.

"Kwa hiyo alikuletea."

"Aliniletea."

"Akakwambia kinagonga."

"Akaniambia."

"Ukamwambia salama."

Kinu kilikuwa kinasaga.

"Ijumaa ile alirudi anaimba," dada akasema. "Huyu mtu hana sauti, unamjua. Nikamwambia nyamaza utaniamshia watoto. Akasema, acha niimbe, shemeji amelitazama gari."

"Dada yangu, nisamehe."

"Usiniombe hicho leo. Sina." Alisema bila ukali wowote, kama anavyosema mtu aliyeishiwa chumvi. "Na sasa umekuja kunitwika mimi. Niliweke wapi jambo hili, kaka? Kwenye beseni? Mimi sishiki usukani. Kawaambie wanaoshika usukani kesho. Na usirudi hapa kabla hujawaambia."

Alitoka kwa kuinama, mlango ukiwa mrefu wa kumtosha.

Asubuhi iliyofuata hakwenda ofisini. Saa moja na nusu madereva walikuwa uani wanasubiri fomu za safari, chai kwenye vikombe vya plastiki. Magari yaliyobaki yalikuwa kumi na moja. Matatu yalikwisha kupanda mlimani alfajiri, manane yalikuwa yamepanga mstari. Fundi akaburuta jeki yake katikati yao.

"Jamani, Chuma Kimoja amekuja kutuhubiria boriti," mmoja akasema.

"Mwacheni. Msiba unazungumza."

"Leo sihubiri. Njooni msikie kwa masikio yenu."

Akaweka jeki chini ya chesisi ya gari la kwanza, akamwita dereva wake mwenyewe autikise mguu. Kimya. Dereva akainua mabega. Akaihamishia chini ya mkono wa chini, akampa mtaimbo. Tok. Dereva akauinua mtaimbo tena, taratibu, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Tok.

"Hivi ndivyo nilivyomuua Kobe," fundi akasema. "Alinionyesha mahali, nikaweka jeki pabaya, nikamwandikia salama. Na nyinyi wote nimewaandikia salama kwa jeki hiyohiyo."

Hakuna aliyetukana. Afadhali wangetukana. Mzee mmoja wao, aliyewahi kuendesha boriti naye miaka hiyo yote, alimwaga chai yake chini akasema, "Endelea na la pili." Wakaenda gari kwa gari. Manane, matano yaligonga. Mwenye gari la sita, ambalo halikugonga, naye aliuweka ufunguo juu ya boneti kama wenzake.

Meneja alifika mbio, tai imetupwa begani, nakala ya ripoti mkononi na fomu imebanwa nyuma yake. "Nani amekupa ruhusa ya kuyainua magari ya safari?"

Fundi akamwomba ile fomu ya Ijumaa. Meneja, akidhani sasa anaweka sahihi, akampa na kalamu. Alikata neno salama kwa mstari mmoja, akaandika chini yake mbele ya watu: Nilikosea. Jeki niliiweka chini ya chesisi. Sikufundishwa, na kitabu kiko kabatini kwa meneja. Dereva hakukimbia. Akatia sahihi ileile.

"Umejifunga kamba mwenyewe," meneja alisema.

"Iko shingoni tangu Jumanne ile, bosi. Nimeikaza tu."

Saa sita alikuwa nje ya geti. Spana zake zimezuiliwa ndani, eti ni mali ya shirika, hata ile aliyorithi kwa baba yake. Kesho anahojiwa kwa uzembe uliosababisha kifo, na hataukana. Ile fomu aliyoiandika hakuna anayejua ilikokwenda. Ripoti ilikwisha kutumwa juu tangu jana, hata kabla ya sahihi, na bado inasema mwendo kasi. Dada yake alipelekewa habari na mke wa dereva mmoja. Alisema amesikia. Hakusema kaka aje.

Madereva walijaribu kuwapigia wale watatu walioko mlimani. Wawili hawapatikani. Wa tatu alipokea, upepo unavuma kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mwambieni mzee akapumzike, msiba umempanda kichwani," alisema. "Langu lilikaguliwa wiki mbili zilizopita. Fomu ninayo hapa kwenye kioo, nimeandikiwa salama. Tena sahihi ni yake mwenyewe Chuma Kimoja, ule mkia unaujua." Akakata. Hajapokea tena.

Fundi yuko getini mpaka dakika hii. Hana gari, na mlinzi amekatazwa kumwazima hata baiskeli. Madereva waliobaki wamefungiwa uani na meneja, anawaandika majina mmojammoja.

Wewe una gari. Una simu yenye chaji, una mdomo, na hakuna aliyekufungia popote. Sasa ni saa nane. Wale watatu wanashuka saa kumi, mmoja nyuma ya mwingine, na wapanda nguzo wamekaa nyuma. Panda mpaka juu kabisa, mahali barabara inapoanza kuteremka, kabla ya kona ya kwanza, uweke gari lako katikati ya njia. Wakikupigia honi, usisogee. Wakikutukana, waambie wazime injini, watoe jeki, waiweke chini ya mkono wa gurudumu, wasikilize. Huyo mwenye fomu kwenye kioo mwambie aichane. Na yeyote kati yenu ambaye leo ameletewa karatasi iliyoandikwa salama ili aitie sahihi, aiache hapo mezani.

Ondoka sasa. Utasoma mengine ukirudi.